Peluso wa Java, Peluso wa Kenya

Ukipitia tasnifu za wenzetu wanaosomea maliasili na uhifadhi, kwenye sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, kuna mabano ambayo ni nadra kukosa: Peluso 1993. Mara nyingi yanakuja mwishoni mwa sentensi inayosema kwamba dola hutumia uhifadhi kama kisingizio cha kuwatumia wanakijiji nguvu. Mabano yanafungwa, msimamizi anaridhika, tunahamia aya inayofuata. Lakini Peluso ni nani? Alisema nini hasa? Na je, alichokisema kina uwezo wa kubeba mzigo wote tunaomtwika?

Leo nataka tumsome vizuri, yaani kazi zake za miaka karibu 40, tuzipime. Nitasema msimamo wangu mapema ili usibabaike njiani: naona ni mmoja wa watafiti bora walioandika kuhusu misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na naona pia kwamba sisi huku tumechagua kumnukuu pale alipo dhaifu zaidi.

Nancy Lee Peluso ni Mmarekani. Alipata shahada ya uzamivu chuo kikuu cha Cornell mwaka 1988, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameifanyia chuo kikuu cha California, Berkeley. Uwanja wake ni Indonesia. Kwanza Java, kisha Kalimantan Magharibi, kisha Java tena. Hakuwa mtu wa kuruka nchi hadi nchi kutafuta mifano. Alirudi palepale, na hilo ndilo linalozipa kazi zake uzito.

Mti unaoishi kuliko aliyeupanda

Kitabu kilichomtambulisha ni Rich Forests, Poor People cha mwaka 1992, ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiindonesia kwa jina Hutan Kaya, Rakyat Melarat. Kinahusu mitiki ya Java. Swali lake ni jepesi kulisema na gumu kulijibu: inakuwaje watu wanaoishi ukingoni mwa msitu wenye mbao za thamani kubwa kiasi hicho wabaki kuwa baadhi ya watu maskini zaidi kisiwani?

Jibu lake linaanzia mbali. Kampuni ya Kiholanzi ya biashara, VOC, ilitaka mbao za kujengea meli. Ikawabana watawala wa pwani ya kaskazini ya Java watoe magogo, na pamoja na magogo, watu wa kuyakata na ng'ombe au nyati wa kuyaburuta. Wakataji hao waliitwa blandong. Kwa hiyo tangu mwanzo kudhibiti mitiki kulikuwa ni kudhibiti watu. Katikati ya karne ya 19 serikali ya kikoloni ikaleta wataalamu wa misitu kutoka Ujerumani, wenye sayansi ya kupima, kupanga vitalu na kuhesabu miaka ya mavuno. Mwaka 1865 ikaja sheria ya misitu. Mwaka 1870 likaja tamko kwamba ardhi ambayo mtu hawezi kuthibitisha kuwa ni yake ni mali ya dola. (Kama unahisi umeshaisikia hadithi hii mahali, hujakosea. Amri ya Wajerumani ya 1895 kwa Afrika Mashariki ilisema karibu hayohayo.)

Wakulima hawakunyamaza. Kuanzia miaka ya 1890, karibu na Blora, katikati kabisa ya nchi ya mitiki, wafuasi wa mkulima aliyeitwa Samin Surosentiko walikataa kulipa kodi na waliendelea kukata miti bila kuomba ruhusa. Wapimaji wa ardhi walipofika, walilala chini juu ya ardhi yao. Samin alikamatwa 1907, akapelekwa uhamishoni Sumatra, akafia huko. Harakati yake haikufa naye.

Baada ya uhuru, bendera ilibadilika, mfumo haukubadilika sana. Shirika la serikali la misitu, Perhutani, lililoundwa 1972, lilirithi ramani, mipaka, sheria na hata tabia za idara ya Waholanzi. Ardhi ya misitu chini ya dola ilikuwa karibu robo ya kisiwa kizima, kisiwa ambacho ni miongoni mwa sehemu zenye msongamano mkubwa wa watu duniani.

Hapa ndipo Peluso anapofanya kazi nzuri. Anasema dola haidhibiti msitu kama kitu kimoja. Inadhibiti ardhi, inadhibiti aina za miti, inadhibiti nguvukazi, na inadhibiti pia mawazo, yaani hadithi inayomfanya mtumishi wa misitu aamini kwamba yeye ni mlinzi wa mali ya umma na mwanakijiji ni mwizi. Ukizitenganisha nyuzi hizo, unaanza kuona mambo ambayo neno "hifadhi" peke yake linayaficha.

Chukua mfano wa tumpang sari. Mkulima asiye na ardhi anapewa kipande kidogo kilichovunwa mitiki. Analima mahindi, mpunga wa nchi kavu au mihogo katikati ya mistari, na kwa malipo hayo anapanda na kupalilia miche ya mitiki. Baada ya miaka miwili hivi miche inatoa kivuli, mazao hayakui tena, anaondoka. Mti utavunwa baada ya miaka 60 mpaka 80. Hebu piga hesabu hapo. Aliyeupanda atakuwa amezikwa, na mjukuu wake akiukata ataitwa jambazi. Idara inamhitaji mkulima mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kwa miaka zaidi ya 50 inayofuata inamwogopa.

Kitu kingine ninachokipenda: watumishi wa ngazi ya chini hawageuzwi kuwa mashetani. Msimamizi wa msitu anaishi kijijini, mkewe ananunua soko lilelile, na jioni anajua nani kachoma kuni za mitiki. Kati ya amri za ofisini na majirani zake anabanwa kama karanga kwenye kinu. Vitabu vingi vya upinzani wa wakulima havina subira ya kumwangalia mtu huyo.

Tatizo la mti kukosekana

Sasa lawama. Ya kwanza ni ndogo lakini msomaji wa biolojia ataiona haraka. Katika kitabu kuhusu msitu, msitu wenyewe kama kiumbe hai hauonekani sana. Udongo, kasi ya ukuaji, kuzaliana kwa mitiki, moto, vyote vinapita nyuma ya jukwaa. Unajua nani anaumiliki mti, hujui sana mti unaishije. Kwa haki tuseme kwamba alilirekebisha hilo mwenyewe: makala yake ya 1996 kuhusu miti ya matunda ya Kalimantan, hasa durian, inaonyesha jinsi mti mmoja unavyorithiwa na wazao wengi wa aliyeupanda, na jinsi kile ambacho mgeni hukiita msitu wa asili kilivyo bustani ya vizazi vilivyopita. Hapo mti upo, unazaa na unagombaniwa.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na ilitoka kwenye historia yenyewe. Mei 1998 Suharto alianguka. Katika miezi na miaka iliyofuata mitiki ya Java ilikatwa kwa kiwango cha kutisha, mchana kweupe. Ukitaka, unaweza kusema Peluso alithibitishwa: msitu uliokuwa umeshikiliwa kwa nguvu ulibaki bila mtetezi siku nguvu ilipolegea. Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba walionufaika zaidi na ile vurumai hawakuwa wajukuu wa Samin. Walikuwa wenye malori, wenye mashine za kupasua mbao, wenye wanunuzi mjini, na wenye jamaa katika vyombo vya dola. Mwanakijiji alipata ujira wa kubeba gogo. Neno "upinzani", ambalo liko hata kwenye jina dogo la kitabu, halitoshi kueleza usiku ule wa malori.

Kilichonishawishi kwamba huyu ni mwanasayansi na si mhubiri ni kwamba miaka mitano baadaye yeye mwenyewe alitoa chombo kinachoweza kueleza malori yale.

Haki na uwezo

Mwaka 2003, yeye na Jesse Ribot, ambaye alikuwa amechunguza biashara ya mkaa nchini Senegal, walichapisha makala kuhusu nadharia ya kile Waingereza hukiita access. Wazo lao kwa Kiswahili cha kawaida: kuna tofauti kati ya kuwa na haki ya kunufaika na kitu na kuwa na uwezo wa kunufaika nacho. Kijiji kinaweza kuwa na hati ya msitu, muhuri juu, sahihi chini, na bado kisipate shilingi kwa sababu hakina usafiri, hakimjui mnunuzi, na kibali cha kusafirisha kinatolewa na mtu aliye kilomita 200 mbali. Na kinyume chake, mfanyabiashara asiye na haki hata ya mti mmoja anaweza kuondoka na faida karibu yote.

Kwa hiyo, wanasema, usiulize tu nani anamiliki. Ifuate faida njia nzima na uulize kwa kila hatua nani anaishika na kwa njia gani: kwa teknolojia, mtaji, soko, nguvukazi, maarifa, kuwa karibu na wenye mamlaka, utambulisho, au mahusiano ya kijamii.

Binafsi naona hii ndiyo kazi yake yenye matumizi mapana kuliko zote, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia gunia la mkaa kutoka porini mpaka mjini ataielewa bila maelezo marefu. Ina kasoro yake. Orodha ile ya njia ni ndefu kiasi kwamba karibu kila kitu kinaingia, na nadharia inayomeza kila kitu inakuwa ngumu kuikosoa. Wanafunzi tumeigeuza kuwa jedwali: safu ya teknolojia, weka tiki, safu ya mtaji, weka tiki, tasnifu imeisha. Ribot na Peluso waliirudia makala hiyo mwaka 2020, jambo ambalo waandishi wengi wa makala maarufu hawathubutu kulifanya.

Ramani inapouma mkono wa aliyeichora

Sehemu ya kazi yake ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote haiko Java, iko Kalimantan. Mwaka 1995 aliandika kuhusu wanakijiji na mashirika ya kiraia waliokuwa wanachora ramani zao wenyewe ili kuzijibu ramani za wizara ya misitu. Ramani za wizara zilionyesha msitu wa serikali mtupu, tayari kwa kampuni za magogo. Ramani za wanakijiji zilionyesha mashamba yaliyopumzishwa, makaburi, miti ya matunda, mito yenye majina. Neno alilolitumia, ambalo mimi nalitafsiri "ramani pinzani", sasa liko kwenye vitabu vya jiografia kote duniani. Mwaka uliofuata, 1996, Indonesia ilipata mtandao wa kitaifa wa uchoraji ramani shirikishi. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba misitu ya kimila si misitu ya serikali. Njia kutoka makala hadi hukumu si mstari mnyoofu, na sifa kubwa ni ya wanaharakati wa Indonesia wenyewe. Lakini huwezi kuisimulia bila kupita hapo.

Watu wanaomnukuu kuhusu ramani mara nyingi wanaacha tahadhari zake. Mila ya ardhi ilikuwa inanyumbulika. Mpaka ulihama kwa mazungumzo, mgeni alikaribishwa, mti ulikuwa wa huyu na ardhi chini yake ya yule. Ukiuchora mpaka kwenye karatasi, umeugandisha. Na anayeshika kifaa cha kupimia ana sauti kuliko bibi aliyekaa pembeni anayejua kila kijito.

Kisha likaja jambo zito zaidi. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997 Kalimantan Magharibi ililipuka. Wadayak na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madura walipigana, mamia wakauawa, familia za Wamadura zikafukuzwa. Mwaka 2001, katika kitabu Violent Environments alichokihariri pamoja na Michael Watts, Peluso na Emily Harwell waliandika sura juu ya vita ile. Hawakuieleza kwa ule msemo mwepesi wa "uhaba wa rasilimali". Walirudi nyuma mpaka 1967, wakati jeshi lilipowachochea Wadayak kuwafukuza Wachina kutoka vijijini na makumi ya maelfu wakakimbilia pwani. Walionyesha jinsi ardhi ilivyopewa kabila, jinsi eneo lilivyokuwa "la Wadayak", na jinsi wazo hilo lilivyobaki tayari kutumika tena dhidi ya watu wengine.

Simama hapo kidogo. Huyu ni mtu aliyejulikana kwa kutetea kwamba jamii zina haki ya kusema "eneo hili ni letu". Miaka sita baadaye anaandika juu ya damu iliyomwagika kwa maneno hayohayo. Hakuikana kazi ya kwanza na hakuificha ya pili. Lakini, na hapa namlaumu, sijaona mahali anapoziweka mbili hizo meza moja na kumwambia msomaji waziwazi: ni lini ramani ya jamii inalinda, na ni lini inatayarisha orodha ya wa kufukuzwa? Anatuachia tuunganishe wenyewe. Kwa mwanafunzi anayekwenda kijijini wiki ijayo na kifaa cha GPS, hilo ni swali la usalama wa watu.

Sasa, Kenya

Turudi kwenye mabano yetu. Makala ya 1993, iliyotoka jarida la Global Environmental Change, inalinganisha Kenya na Indonesia. Hoja: pale dola inapogombania rasilimali na wananchi, fedha, zana na heshima ya uhifadhi wa kimataifa vinaweza kuishia kuipa dola hiyo nguvu na uhalali wa kutumia mabavu, hata kama mashirika hayakukusudia. Na tukumbuke wakati: Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za dunia, Oktoba mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku, na askari wa wanyamapori walikuwa wamepewa ruhusa ya kupiga risasi majangili. Kuuliza swali lile wakati ule, dunia nzima ikipiga makofi, kulihitaji ujasiri. Hoja bado ina uhai.

Lakini soma nusu mbili za makala hiyo kwa kufuatana. Upande wa Java unanusa moshi wa jikoni. Ni mtu aliyekaa, aliyeongea na watu, aliyejua bei ya gogo. Upande wa Kenya umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maandishi ya wengine. Wamaasai na Wasamburu wanatajwa kama makundi, hatuwasikii kama watu. Si dhambi, makala linganishi huandikwa hivyo kila siku. Ila ni ajabu kwamba nusu hiyo ndiyo tunayoinukuu sisi wa huku, ambao tungeweza kwenda kuuliza.

Na ulinganisho wenyewe una mguu mfupi. Mtiki unapandwa, unasimama, unahesabiwa. Tembo anatembea, anavuka mpaka, anakanyaga mahindi, anaua. Kumdhibiti mkulima anayeukata mti uliopandwa na babu yake na kukabiliana na genge lenye bunduki za kivita ni mambo mawili ambayo neno "mabavu" linayafunika kwa shuka moja.

Kinachoniuma ni kwamba ulinganisho mzuri ulikuwepo palepale Kenya. Unaitwa mfumo wa shamba! Mkulima anapewa kipande ndani ya msitu wa serikali, analima mahindi na viazi kati ya miche, anaitunza, miche ikikua anahama. Ni tumpang sari ileile, watoto wa mama mmoja. Mbinu yenyewe ilienea kutoka Burma ya karne ya 19, inakoitwa taungya. Serikali ya Kenya iliupiga marufuku mfumo huo mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani miaka michache tu kabla ya makala, kisha ukarudi baadaye kwa jina jipya la PELIS. Septemba 2022 Naibu Rais Rigathi Gachagua alipotangaza kwamba wakulima wataruhusiwa kurudi, nchi nzima ikabishana wiki nzima. Mti kwa mti, mkulima kwa mkulima, mkataba kwa mkataba: hapo Java na Kenya zingelinganishwa sawasawa. Mtetezi wake atasema lengo la makala lilikuwa ushawishi wa kimataifa, na hakuna anayefanya kampeni ya kimataifa kwa ajili ya misonobari ya kupandwa. Jibu hilo ni la haki. Bado pengo liko wazi kwa mwanafunzi yeyote wa Eldoret, Nairobi au Morogoro anayetafuta mada.

Wakati huohuo, Java haikukaa kusubiri. Mwaka 2001 Perhutani ilianzisha usimamizi wa pamoja na vijiji. Mwaka 2022 wizara ikaliondolea shirika hilo takriban hekta milioni 1.1 na kuziweka chini ya mpango maalumu, sehemu kubwa ikilengwa misitu ya jamii. Na Peluso wa miaka ya karibuni ameandika, pamoja na Agus Budi Purwanto, juu ya jambo ambalo kitabu cha 1992 hakingeweza kulitabiri: wanawake wa vijiji vya msituni wanaokwenda kufanya kazi za ndani Hong Kong, Taiwan au nchi za Ghuba, na pesa wanazotuma nyumbani zinageuka ng'ombe, nyumba na miti ndani ya ardhi ya msitu. Mwaka 2018 waliuita msitu wa namna hiyo msitu wa pesa za kutumwa. Hapo dola si mhusika mkuu tena. Mhusika mkuu ni dada anayefua nguo za watu mji wa mbali huku mti wake unakua Java. Sijui kwa nini kazi hii hainukuliwi huku kwetu, ambako pwani nzima na bara wapo mabinti walioko Uarabuni na kuna mabati mapya kijijini ya kuthibitisha.

Kama una wiki moja tu, anza na sura za tumpang sari katika kitabu cha 1992, kisha makala ya 2003 pamoja na ile ya 2020, kisha sura ya Peluso na Harwell ya 2001, na umalizie na misitu ya pesa za kutumwa. Ile ya 1993 isome mwisho, ukiwa na kalamu mkononi. Ukiwa na data za mfumo wa shamba kutoka Mau, Aberdare au Mlima Kenya na unataka kujaribu ule ulinganisho ambao haukufanyika, tuandikie hapo chini, kuna wawili watatu wetu tungependa kuufanya pamoja nawe.